Wiski ya nchi za baridi kwenye joto la Kampala

Ushauri mwingi kuhusu wiski umeandikwa na watu waliovaa sweta. Usome ukiwa Kampala mwezi wa pili, saa nane mchana, mabati yakilia kwa jua, utajua mara moja kwamba hukukusudiwa wewe. Wanakuambia wiski inywe bila barafu, katika joto la kawaida la chumba. Chumba cha nani? Chumba cha Uskoti kina nyuzi joto 16 au 18 hivi, na pengine moto unawaka pembeni. Sebule yangu ya Ntinda ina 28, feni inazunguka, na jirani anachoma mkaa dirishani kwangu.

Mimi si mtaalamu. Ni mnywaji wa Ijumaa na Jumamosi, glasi moja, zikizidi mbili, na sina kabati la chupa za kutazamwa na wageni. Ila nina msimamo mmoja ambao nimeutetea kwenye meza nyingi za mji huu: mtu wa huku akizifuata sheria za kule neno kwa neno, ataishia na kinywaji kinachomchoma pua, atasema wiski ni ya wazee na majenerali, kisha atarudi kwenye bia yake. Wiski haina kosa. Inataka kuchaguliwa na kunywewa kwa hali ya hewa ya huku, kwa pua ya huku, na kwa mfuko wa huku.

Kwanza hilo la joto, maana ndilo linaloharibu mambo mengi. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 wakati maji yanangoja 100, na hata isipochemka inapenda kuruka hewani kuliko maji. Chumba kikiwa na joto, mvuke wake unawahi puani kabla ya harufu nyingine yoyote. Ndiyo maana glasi ileile inayosifiwa huko kuwa na harufu ya matunda na asali, wewe ukiinusa saa tisa alasiri unapata spiriti ya hospitali. Pua yako ni nzima. Umefika wakati mlango umezibwa.

Kuna njia mbili za kuufungua, maji na ubaridi, na zote mbili hutazamwa kwa jicho baya na wale wa sweta. Ajabu ni kwamba wachanganyaji wenyewe, wale wanaolipwa kunusa mapipa siku nzima, hupunguza wiski kwa maji mpaka ifike kama asilimia 20 ya alkoholi ndipo wainuse. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walifanya hesabu kwenye kompyuta kuona nini hutokea maji yakiongezwa. Waliangalia gwayakoli, kemikali mojawapo inayoipa wiski ladha ya moshi. Alkoholi ikiwa nyingi mno, kama ilivyo ndani ya pipa, gwayakoli huzama katikati ya kimiminika, imezungukwa. Ukipunguza kwa maji, hupanda juu, pale ambapo pua na ulimi vinaikuta. Kwa hiyo kijiko kimoja cha maji hakiharibu wiski ya mtu. Kinaiita ije mlangoni.

Barafu ni jambo la kuwa na kiasi. Ubaridi hutuliza ule mvuke mkali, lakini ukizidi hufunga harufu zote, nzuri na mbaya. Nikiwa nyumbani naweka glasi yenyewe kwenye friji kwa dakika chache, namimina, naongeza maji kidogo, basi. Nikiwa nje naomba bonge moja kubwa kama lipo. Vile vipande vidogo vya kusagika vinayeyuka kabla hujamaliza kusalimiana na watu. Na kabla ya kukubali barafu ya baa, inuse. Barafu hubeba harufu ya friji ilikolala. Nimewahi kuletewa glasi ambayo ilikuwa na sangara ndani yake, na hapakuwa na sangara.

Kama bado unaona aibu kutia barafu na soda, waangalie Wajapani. Masataka Taketsuru alikwenda Uskoti mwaka 1918 kusomea wiski, akarudi, na kiwanda cha Yamazaki kilianza kujengwa mwaka 1923. Leo wiski za Japani zinanunuliwa kwa bei ya kiwanja. Na watu wa huko, kiangazi kikipamba moto, wanaimimina kwenye glasi ndefu iliyojaa barafu na maji ya soda, wanakula nayo chakula cha jioni, na hakuna anayewaita washamba. Wana joto, wametafuta njia. Sisi pia tuna joto. Na tuna kitu ambacho wao hawana: Stoney, ile soda ya tangawizi. Wiski ya kawaida ya mchanganyiko, barafu, Stoney tangawizi mpaka nusu ya glasi, kipande cha ndimu kilichokamuliwa. Mchana wa Jumamosi sitaki kingine, na sitabishana na mtu kuhusu hilo.

Ila si kila wiski inafaa kutiwa tangawizi, na hapo ndipo suala la kuchagua linaanza.

Dukani watu wengi huanza na rangi. Wanainyanyua chupa kwenye taa, wakiona nyeusi wanasema hii imekomaa. Rangi si shahidi wa kuaminika. Sheria ya Uskoti inaruhusu kuongeza karameli ili kila chupa ifanane na mwenzake, kwa hiyo weusi ule unaweza kuwa umetoka kwenye pipa au umetoka kwenye kopo. Wamarekani kwenye burboni, wiski yao ya mahindi, hawaruhusu rangi ya kutiwa. Tazama umri badala yake, ukijua maana yake. Namba 12 kwenye chupa ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo. Nyingine ndani yake zinaweza kuwa na miaka mingi zaidi. Chupa isiyo na namba si mbaya kwa sababu hiyo tu, ila ikiwa ni ya Uskoti una hakika ya kitu kimoja: imekaa kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua mitatu, na alkoholi yake haipungui asilimia 40. Na miaka hiyo huhesabiwa ndani ya pipa peke yake. Chupa ya miaka 12 ambayo babu alipewa zawadi mwaka 1990 bado ni ya miaka 12.

Halafu kuna hili la singo molti, ambalo mjini limegeuka cheo. Maana yake ni wiski iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri peke yake, katika kiwanda kimoja, kwenye mitungi ya shaba. Wiski za mchanganyiko huunganisha molti hizo za viwanda mbalimbali na wiski nyepesi ya nafaka nyingine, ngano au mahindi. Huo si wizi. Ni ufundi, na ndio ulioifikisha wiski duniani. Johnnie Walker alianza na duka la vyakula mjini Kilmarnock mwaka 1820, na biashara ya familia yake ikaja kujijenga juu ya kuchanganya. Hata ile chupa ya pembe nne ilikuwa na sababu ya kibiashara: hupangika vizuri kwenye kreti na haivunjiki ovyo njiani. Sisi tuliokulia Jinja, karibu na kambi ya jeshi, tuliijua chupa hiyo kabla ya kujua kusoma, kwa sababu ikiisha iliwekewa maji ya kunywa au mafuta ya taa, na ole wako uchanganye.

Mjomba wangu, afande mstaafu, mpaka leo hanywi kitu ambacho hakina pembe nne. Nilimpelekea singo molti moja ya bei, chupa ya mviringo, akaonja, akaitikia kwa kichwa kwa heshima, akasema, "Mwanangu, hii ni nzuri, mpe daktari." Sikumlaumu. Alijua anachokipenda, na bei ya ile moja ingemnunulia mbili za kwake, labda na tatu.

Kama unaanza, na unakaa sehemu yenye joto, mimi ningekuelekeza kwenye nyepesi. Wiski za Ayalandi za aina ya Jameson hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake kukusanywa, mara tatu badala ya mara mbili zilizozoeleka Uskoti, hivyo huja laini, hazina ugomvi. Za Uskoti, kuna kundi la molti za bonde la mto Spey, Glenlivet na Glenfiddich zikiwa ndizo zinazopatikana kirahisi kwenye supamaketi zetu. Ndani yake utakuta tufaha, peasi, asali nyepesi. Kuna pia Bain's ya Afrika Kusini, inayotengenezwa Wellington kwa mahindi matupu, iliyoingia sokoni mwaka 2009. Mahindi! Watu wa posho, ugali wetu wa mahindi, tunapaswa kuwa mstari wa mbele. Ni tamu, ina vanila, na haimtishi mtu. Nikikuta chupa yake inauzwa kwa bei ya kueleweka huwa sipiti.

Vanila ile inanipeleka kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote katika wiski, nalo ni kunusa. Ukisoma maelezo ya nyuma ya chupa utakutana na maua ya vilima vya Uskoti, keki za Krismasi, matunda ya porini ambayo hujawahi kuyaona. Unajiona mgeni. Usijione. Harufu zenyewe zinatokana na vitu ambavyo tunavyo, tena kwa wingi.

Chukua burboni. Sheria ya Marekani inataka nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, na ikomae kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani kwa moto. Moto ule huvunjavunja mbao na kutoa vanilini, kemikali ileile iliyomo kwenye maganda ya vanila. Sasa, vanila hiyo inalimwa wapi? Mukono, Kayunga, Bundibugyo. Mtu aliyewahi kupita kwenye ua ambako vanila inaanikwa ana pua iliyofunzwa kuliko mwandishi wa magazeti wa London. Na kwa kuwa pipa la burboni lazima liwe jipya, likishatumika mara moja wenyewe huliuza, na mengi huvuka bahari hadi Uskoti na Ayalandi. Ndiyo sababu unakuta vanila hata kwenye wiski ambazo hazijawahi kuona mahindi.

Ndizi nayo. Hamira inapochachusha nafaka hutengeneza esteri kadhaa, mojawapo ikiwa ndiyo hasa inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Fungua Jack Daniel's, mimina, ngoja kidogo, nusa bila kuzamisha pua. Hiyo ni ndizi ya bogoya iliyoanza madoadoa. Nilipomwonyesha rafiki yangu mmoja hakuweza tena kuisahau, akanilaumu nimemharibia. Na ukiwa na chupa hiyo mkononi, kuna jina la kulikumbuka: Nearest Green, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa huko Tennessee, ndiye aliyemfundisha kijana Jack Daniel kukeneka. Kwa miaka mingi watalii walioingia kiwandani hawakuambiwa habari zake. Kampuni yenyewe ilianza kulisema jambo hilo waziwazi mwaka 2016. Wapo wanaosema siasa zisitiwe kwenye glasi. Mimi naona mwalimu anapaswa kutajwa.

Mapipa yaliyowahi kushika sheri, ile divai kali ya Jerez huko Hispania, huacha zabibu kavu na tende. Wiski ya namna hiyo, kama nyingi za Macallan, huwa nzito na tamu, na bei yake hukimbia. Nikiinusa naona maduka ya Old Kampala wiki moja kabla ya Ramadhani, magunia ya tende yakiwa nje. Nimewaambia majirani zangu Waislamu hivyo, wakacheka sana, wakasema hiyo ni njia ndefu mno ya kufikia tende.

Fenesi nimelikuta pia, kwenye chupa kadhaa za Speyside zilizokaa wazi glasini nusu saa, fenesi lililoiva kupita siku moja. Sijaona kitabu kinachosema fenesi. Basi kiandikwe.

Na kuna moshi. Katika kisiwa cha Islay, pwani ya magharibi ya Uskoti, shayiri iliyoloweshwa ikachipua hukaushwa juu ya moto wa mboji, ule udongo mweusi wa mabwawani uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Moshi wake hushika kwenye nafaka na hautoki tena. Laphroaig, Ardbeg, Lagavulin ndio majina makubwa. Watu wengi wakionja mara ya kwanza husema dawa, bendeji, lami. Mimi niliyekula samaki wa moshi wa Ziwa Kyoga tangu utotoni nilisema: hatimaye. Ni kama mtu amemkausha yule samaki juu ya majani mabichi, akamwagia maji ya bahari, kisha akamwondoa samaki akakuachia moshi. Ama utaipenda au utaikimbia. Ila usiinywe Kampala mchana. Moshi kwenye joto unachosha haraka.

Ipeleke Kabale. Huko juu, karibu mita 2,000, usiku hushuka kukaribia nyuzi 10, watu wanalala na blanketi mbili, na ndipo ule ushauri wa watu wa sweta unapoanza kuwa na maana. Hakuna haja ya barafu. Joto la chumba ni joto la chumba. Niliwahi kunywa Talisker, molti ya kisiwa cha Skye yenye moshi wa wastani na pilipili manga mwishoni, nikiwa juu ya ziwa Bunyonyi, ukungu ukiwa umekaa chini yetu, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini Waskoti wanasema wanayoyasema. Mafua yakikushika huko, chukua wiski ya bei nafuu, maji moto, asali, tangawizi iliyopondwa na ndimu. Haitakuponya, lakini utalala.

Kabale inanikumbusha jambo lingine, na hili halina mzaha. Mwaka 2010, katika wilaya hiyo, makumi ya watu walikufa baada ya kunywa waragi, pombe kali ya kienyeji, iliyokuwa na methanoli, alkoholi yenye sumu. Methanoli haina ladha ya kukuonya. Huja na maumivu ya kichwa, kichefuchefu, macho kuona ukungu, na wengine hupofuka kabla ya kufa. Mtu akianza kulalamika macho baada ya kunywa, apelekwe hospitali saa ileile, asiambiwe alale itapita. Nchi hii imehangaika na pombe kali tangu zamani. Sheria ya Enguli ya mwaka 1965 ilitaka wakenekaji wa vijijini wawe na leseni na wauze pombe yao kwa kiwanda kilichoidhinishwa, na humo ndimo ilimozaliwa Uganda Waragi ya chupa. Vile vipakiti vya plastiki vilivyokuwa vikiuzwa kwa bei ya pipi kando ya kila stendi ya boda viliondolewa mwaka 2019, na pombe kali haitakiwi kufungwa kwenye ujazo wa chini ya mililita 200. Mimi ni mnywaji na niliifurahia marufuku hiyo. Asubuhi za stendi zilibadilika.

Wiski ina ujanja wake wa kughushi. Chupa tupu za majina makubwa zina soko lake, na hazinunuliwi ili zipambwe maua. Kwa hiyo sinunui chupa ya kifahari kwenye duka ambalo bei yake ni nusu ya bei ya kila mahali. Hakuna muujiza wa namna hiyo. Natazama mfuniko kama umewahi kufunguliwa, lebo kama imebandikwa upya, na stempu ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ile ya kidijitali iliyoanza mwaka 2019. Kuna programu ya simu inaitwa Kakasa ya kuisoma stempu hiyo. Watu dukani watakutazama kana kwamba umetumwa kufanya ukaguzi. Watazame na wewe. Soma pia maandishi madogo, maana kuna chupa zenye picha ya kulungu na jina la Kiskoti ambazo, ukisogeza jicho chini, zinakiri kwamba ni pombe kali iliyotiwa ladha ya wiski. Wanaotaka hivyo wanunue. Ila walipe bei ya hivyo.

Kwenye baa nina masharti. Toti, yaani kipimo kimoja cha pombe, imiminwe mezani, kutoka kwenye chupa ninayoiona. Hapa lazima niseme, kwa mwanamke hilo ni kazi ya ziada. Nikikaa na mume wangu nikaagiza wiski yeye akaagiza soda, mhudumu atarudi na kuweka wiski mbele yake na soda mbele yangu, kila mara, bila kukosea. Tumeacha kumsahihisha, tunabadilishana glasi tu. Kijana mmoja wa Kisementi aliwahi kuniuliza kwa upole, "Mama, hutaki divai tamu?" Nikamwambia divai tamu ampelekee mzee.

Toti ndiyo shule ya mtu wa kipato cha kawaida. Mji huu umejifunza kununua chupa nzima, iletwe ikiwa na fataki zinazowaka, mabinti wawili wakiimba, meza za jirani zigeuke. Nimekaa kwenye meza hizo. Wiski ya bei kubwa inamwagwa juu ya barafu na kinywaji cha kuongeza nguvu, na saa saba usiku hakuna anayeweza kusema imeonja nini. Pesa ni yao. Lakini kwa bei ya chupa hiyo moja mtu anaweza kuonja toti za aina nyingi mwaka mzima na kujua anachokipenda. Sisi marafiki wachache tumefanya kama nigiina, ule mchezo wa wanawake wa kuchangiana kwa zamu: badala ya kuchangiana sufuria na vitenge, mwenye zamu ananunua chupa ambayo hakuna aliyewahi kuionja, tunakutana kwake, tunagawana. Chupa mbaya inakuwa hasara ndogo. Anayekuja hapandi gari lake. Kawunyemu, ule ukaguzi wa polisi wa kuwapima madereva pombe, haina urafiki na mtu, na boda iko mlangoni.

Siku hizo tunakula. Wiski na chakula si mila ya Waskoti sana, ila mnywaji wa Uganda asiye na kitu cha kutafuna ni mtu wa kutiliwa shaka. Muchomo wa mbuzi, wenye mafuta, unataka kitu kitamu chenye mbao ndani yake, burboni au Tennessee, kwa sababu kaa la moto liko pande zote mbili. Pilipili iwe kidogo. Pilipili na alkoholi zikikutana ulimi unafunga duka. Karanga za kukaanga zinakwenda na karibu kila kitu. Chokoleti nyeusi ya kakao ya Bundibugyo, ukiipata, ipe wiski ya sheri.

Chupa iliyofunguliwa isimamishwe, isilazwe kama divai, kwa sababu alkoholi hula kizibo. Iwe mbali na dirisha. Ikibaki theluthi, hewa iliyomo ndani inaanza kuila harufu, na joto letu linaharakisha kazi hiyo; nahamishia kwenye chupa ndogo ama naita watu. Joto hilohilo, kwa mwenye pipa, ni habari nyingine. Uskoti hupoteza kama asilimia 2 ya wiski kwa mwaka inayovuja hewani kupitia mbao. Bangalore huko India, inakotengenezwa wiski ya Amrut, hupoteza 10 na zaidi, lakini wiski hukomaa mbio, na walipoipeleka kuuzwa Glasgow mwaka 2004 Waskoti walikuna vichwa. Kapchorwa kuna shayiri, tayari inauzwa kwa viwanda vya bia. Milimani kuna maji, bondeni kuna joto. Mtu mwenye mtaji na subira ya miaka michache anaweza kulifikiria hili. Mimi nina subira tu.

Ukiniuliza ununue nini mwisho wa mwezi huu, na una uwezo wa chupa moja, nitakuambia chupa ya mchanganyiko wa miaka 12, Black Label au mwenzake, kwa sababu ina moshi kidogo, utamu kidogo, inavumilia maji, inavumilia soda, na mjomba akija hataikataa. Ukiwa na uwezo wa mbili, ya pili iwe molti nyepesi, uifiche mpaka mwezi wa kumi na moja nsenene, wale panzi wa kuliwa, zikiingia mjini kutoka Masaka. Zikaange kwa mafuta yake zenyewe mpaka zilie, chumvi, basi. Usiweke kitunguu, kitunguu kinaiua wiski.